Mwenye Ufunguo wa Hati: Uhakiki wa Hoja katika Mjadala wa Programu Huria

Utangulizi

Kila mara serikali ya mji, idara ya umma au chuo kinapofikiria kuziacha programu za umiliki zilizotawala kazi za ofisi na kuingia katika programu huria, mjadala unaozuka huwa na sura moja. Watetezi wa programu huria hutanguliza hoja kwamba hazinunuliwi. Wapinzani hujibu kwamba gharama ya kuwafunza watumishi upya, na ya kuzitengeneza hati zilizovurugika njiani, hupita bei ya leseni. Mahesabu hufanywa, hukanushwa, hufanywa tena, na mwishowe hushinda yule mwenye mhasibu hodari zaidi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mizani hiyo ina kasoro tangu mwanzo, kwa sababu hupima kisichokuwa na uzito mkubwa na kuacha chenye uzito. Suala la msingi si bei ya chombo cha kuandikia. Suala ni nani aushikaye ufunguo wa kile kilichoandikwa, na kama ufunguo huo utapatikana siku mwenye duka atakapofunga duka lake. Hoja za pande zote mbili zitapimwa kwa swali hilo, kwa kutumia hasa visa viwili ambavyo habari zake zimeandikwa kwa wingi: kisa cha jimbo la Massachusetts nchini Marekani na kile cha jiji la Munich nchini Ujerumani. Baadaye itaangaliwa hali ya lugha za Afrika Mashariki, ambazo nazo zimewahi kuwekwa katika mizani hiyo hiyo.

Istilahi na Maana Zake

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maagizo yake kama yalivyoandikwa na watungaji, huweza kusomwa, kutumiwa, kubadilishwa na kusambazwa na mtu yeyote kwa kufuata masharti ya leseni yake. Programu ya umiliki ni ile ambayo mwenyewe huuweka msimbo mkononi mwake, na mtumiaji hupewa ruhusa ya kuitumia tu. Richard Stallman alitangaza mradi wake wa programu huria nchini Marekani mwaka 1983, na wazo hilo likapata nguvu mpya Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki, alipoanzisha Linux mwaka 1991.

Kizuizi cha kwanza katika mjadala huu ni cha kiisimu. Neno la Kiingereza alilolichagua Stallman lina maana mbili: iliyo huru, na isiyolipiwa. Mwaka 1998 baadhi ya wafuasi, wakihofia kwamba neno hilo linawatisha wafanyabiashara, walilibadilisha kwa jingine lenye maana ya uwazi. Tangu hapo kumekuwa na majina mawili kwa programu zile zile, na falsafa mbili nyuma ya majina hayo. Kiswahili hakina utata huo wa kwanza. Huria na bure ni maneno mawili, na kila mjuzi wa lugha anafahamu kwamba "mtu huru" na "mtu bure" ni watu tofauti kabisa. Anayezinadi programu huria kwa kuziita "programu za bure" huitupa hazina ambayo lugha yake imempa, na isitoshe humpa mpinzani jibu lililo tayari, kwani wahenga wamekwisha kusema kwamba rahisi huvunja upishi.

Kizuizi cha pili ni kutotofautisha programu na muundo wa faili. Muundo wa faili ni mpango wa kupanga herufi, aya, majedwali na picha ndani ya faili ili programu iweze kuzitambua. Uhusiano wake na programu ni kama ule uliopo baina ya mfumo wa maandishi na kalamu. Utendi wa Tambuka, ambao utungo wake huhesabiwa kuwa wa mwaka 1728, umekifikia kizazi cha leo kwa herufi za Kiarabu. Aliyejifunza herufi hizo na kuzoea jinsi zilivyotumiwa kuandikia Kiswahili huweza kuusoma. Kazi hiyo si nyepesi, kwa kuwa alama moja huweza kusimamia sauti zaidi ya moja. Lakini ugumu wake ni wa elimu, nao huondolewa kwa elimu. Msomaji hahitaji kumwomba ruhusa mrithi wa yule aliyeichonga kalamu. Faili iliyohifadhiwa katika muundo ambao maelezo yake ni siri ya kampuni moja haina heri hiyo. Kalamu ikipotea, na maandishi yamepotea.

Massachusetts: Hoja ya Hifadhi

Kwa kipimo hiki, jimbo la Massachusetts ndilo lililoanza mahali panapofaa. Mwaka 2005 idara yake ya teknolojia, ikiongozwa na Peter Quinn, iliamua kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2007 hati za ofisi za serikali ziandikwe katika miundo iliyo wazi, na muundo uliochaguliwa kwa hati zinazohaririwa ulikuwa OpenDocument. Yafaa ikumbukwe kwamba jimbo halikuamuru programu fulani inunuliwe wala fulani itupwe. Liliamuru muundo. Kampuni yoyote ingeweza kuuza programu yake, mradi programu hiyo iweze kuandika na kusoma muundo huo. Eric Kriss, aliyekuwa na dhamana ya utawala na fedha katika serikali ya jimbo, aliitetea hatua hiyo kwa misingi ya mamlaka ya umma: hati za wananchi zisitegemee leseni ya mtu binafsi ili zisomeke.

Hoja hiyo ilikuwa na nguvu, na bado inayo. Hata hivyo, upinzani mkali kuliko wote haukutoka kwa wauzaji peke yao. Ulitoka pia kwa watumishi wasioona na watetezi wa watu wenye ulemavu. Programu zilizosoma skrini kwa sauti wakati huo zilikuwa zimezoeana na programu za umiliki kwa miaka mingi, nazo hazikufanya kazi vizuri na programu huria za ofisi. Kwa mtumishi asiyeona, muundo ulio wazi ambao hawezi kuusikia haukuwa wazi hata kidogo. Hapa ndipo penye funzo ambalo wafuasi wa programu huria hupenda kuliruka. Uwazi una pande mbili: uwazi wa maelezo kwa mtaalamu, na uwazi wa hati kwa msomaji wake. Anayetimiza wa kwanza na kuusahau wa pili ametimiza nusu ya wajibu.

Quinn alijiuzulu, na kuondoka kwake kukatangazwa mwishoni mwa mwaka 2005. Mwaka 2007 jimbo liliukubali pia muundo mpya wa kampuni ya Microsoft, uitwao Office Open XML, sambamba na OpenDocument. Wapo waliokihesabu kisa hiki kuwa ni kushindwa. Hukumu hiyo ni ya haraka mno, kama itakavyodhihirika.

Munich: Hoja ya Chombo

Munich ilianzia upande wa pili, upande wa kalamu. Mwaka 2003 baraza la jiji lilipiga kura ya kuhama kutoka Windows kwenda Linux, ingawa Steve Ballmer, aliyekuwa mkuu wa Microsoft, alikwenda mwenyewe kuzungumza na meya Christian Ude. Uamuzi huo ulithibitishwa mwaka 2004, na mradi ukapewa jina la LiMux. Kazi ya kuhama ilianza mwaka 2006, na kufikia mwisho wa mwaka 2013 tarakilishi zaidi ya 14,000 zilikuwa zimehamishwa. Wakuu wa jiji walitangaza kwamba mamilioni ya Euro yaliokolewa.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka 2014 Dieter Reiter alichaguliwa kuwa meya. Malalamiko ya watumishi yakasikika zaidi: hati zilizobadilishana na ofisi za nje ziliharibika, na baadhi ya programu maalumu hazikuwa na toleo la Linux. Mwaka 2017 baraza likaamua kurudi Windows. Waliokuwa wakingoja kuanguka kwa mradi huo wakafurahi, nao waliouunga mkono wakaona mkono wa biashara, hasa kwa kuwa makao makuu ya Microsoft nchini Ujerumani yalikuwa yamehamia ndani ya jiji hilo mwaka 2016.

Maelezo yote mawili hayatoshelezi. Ripoti ya washauri iliyotolewa mwaka 2016 kwa agizo la jiji lenyewe ilionyesha kwamba sehemu kubwa ya matatizo ilikuwa ya mpangilio wa kazi: idara nyingi, kila moja na wataalamu wake na taratibu zake, na matengenezo yaliyochelewa. Matatizo ya namna hiyo hayaponywi kwa kubadilisha programu, kama vile mwandishi mvivu haponywi kwa kununuliwa kalamu mpya. Wale waliodai kwamba Linux ndiyo iliyoliangusha jiji walichanganya ugonjwa na nguo ya mgonjwa.

Lakini upande wa LiMux nao haukosi lawama. Mradi uliobebwa kwa kiasi kikubwa na hoja ya akiba uliweza kupinduliwa kwa hoja hiyo hiyo. Hesabu ya fedha hufunguliwa upya kila bajeti, na meya mpya huja na hesabu mpya. Zaidi ya hayo, Munich ilijaribu kuubadilisha msingi mzima wa tarakilishi ilhali ofisi zilizoizunguka ziliendelea kutuma hati katika muundo wa zamani. Mji mmoja hauwezi kubadilisha tahajia peke yake na kutaraji barua zake zisomwe na wote.

Ulinganisho na askari wa Gendarmerie nchini Ufaransa una manufaa hapa. Wao waliingia kwa hatua: mwaka 2005 programu za ofisi, kisha kivinjari na barua pepe, na kuanzia mwaka 2008 tu ndipo walipoanza kuubadilisha mfumo endeshi wenyewe. Kufikia mwaka 2024 karibu mashine zao zote zilikuwa zikiendeshwa kwa Linux. Mtumishi aliyekwisha kuizoea programu yake ya kuandikia haoni ajabu kubwa ardhi inapobadilishwa chini yake. Munich yenyewe haikulifunga jambo moja kwa moja: mwaka 2020 vyama vilivyounda uongozi mpya wa jiji vilikubaliana kuvipa kipaumbele viwango vilivyo wazi na programu huria pale inapowezekana. Nalo jimbo la Schleswig-Holstein, kaskazini mwa Ujerumani, lilitangaza mwaka 2024 kwamba mashine zipatazo 30,000 za watumishi wake zitahamia LibreOffice. Jambo linaloangushwa mara moja na kuinuka mara mbili haliwezi kuitwa ndoto ya wachache.

Vita vya Neno "Wazi"

Baina ya visa hivi viwili kulipita mgogoro wa tatu ambao mwanaisimu hana budi kuuangalia kwa makini, kwani ulikuwa mgogoro wa maana ya neno. OpenDocument ilikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2006. Microsoft nayo ikauwasilisha muundo wake ukiwa na neno lile lile la uwazi ndani ya jina lake. Maelezo ya OpenDocument yalikuwa na kurasa zipatazo 700. Ya Office Open XML yalizidi 6,000. Kura ya kwanza ya mwaka 2007 haikufikia kiasi kilichohitajika. Mwaka 2008 muundo huo ukapita. Afrika Kusini, Brazil, India na Venezuela zilikata rufani, na rufani zao zikakataliwa.

Kitabu cha kurasa 6,000 kilichochapishwa ni wazi kwa maana ya kwamba hakikufichwa. Je, ni wazi kwa maana ya kwamba mtu mwingine aweza kukitekeleza? Kiwango hicho kina namna mbili, moja kali na moja ya mpito. Ile ya mpito hubeba mazoea ya programu za zamani, nayo ndiyo ambayo programu ya kampuni hiyo huitumia kwa kawaida inapohifadhi faili. Kwa hiyo mtungaji wa programu nyingine hulazimika kuiga mazoea ya programu moja, badala ya kufuata kanuni iliyokubaliwa na wote. Ni kama mtu atakayeandika sarufi ya lugha kwa kuorodhesha kila sentensi aliyopata kuisema jirani yake, kisha aziite kanuni.

Pamoja na hayo, haki yataka ielezwe kwamba mgogoro huo haukupita bure. Mwaka 2008 Microsoft ilichapisha maelezo ya miundo yake ya zamani ambayo kwa miaka mingi ilikuwa haijulikani vyema nje ya kampuni. Mwaka 2009 programu zake za ofisi zikaanza kusoma na kuandika OpenDocument. Mwaka 2014 serikali ya Uingereza ikauchagua OpenDocument kuwa muundo wa hati zinazohaririwa kwa ushirikiano. Mambo haya yalikuwa na sababu nyingi, lakini hayakuzuka katika ombwe. Jimbo lililosemekana kushindwa, na miji iliyosemekana kurudi nyuma, zilikuwa zimeuliza swali hadharani, na mwenye ufunguo akalazimika kutoa nakala. Ndiyo sababu hukumu ya kwamba Massachusetts ilishindwa haisimami.

Lugha za Afrika Mashariki katika Mizani

Msomi wa lugha za Kiafrika aweza kudhani kwamba hayo ni mashauri ya miji ya mbali. La hasha. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930, uamuzi wao uliwaudhi wengi, hasa watetezi wa Kimvita, na mpaka leo wahakiki hawajaacha kuuhoji. Hata hivyo, tahajia iliyosanifiwa haikuwa mali ya kampuni. Aliyeipinga aliweza kuiandikia upinzani wake bila ya kulipa ada. Kiwango kilichoamuliwa vibaya lakini kikaachwa mikononi mwa umma huweza kurekebishwa. Kiwango kizuri kilichofungiwa kabatini hakirekebishwi ila kwa hisani ya mwenye kabati.

Kadhalika, kabla ya Unikodi, iliyoanza kutolewa mwaka 1991, kuenea katika tarakilishi, walioandika Kikuyu walihitaji fonti maalumu ili kupata herufi ĩ na ũ. Ilikuwa kawaida ya fonti za namna hiyo kuiweka herufi moja mahali pa alama nyingine. Faili ilipofunguliwa katika mashine isiyokuwa na fonti ile ile, matini yalijaa alama zisizosomeka. Orodha za maneno na masimulizi yaliyokusanywa kwa jasho nyanjani yakawa mateka wa fonti. Dawa haikuwa fonti bora zaidi, bali kiwango kimoja cha wazi ambacho kila mtungaji wa programu aliweza kukifuata.

Ushahidi wa karibu zaidi ni wa mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden katika mradi wa Kilinux, kilipotoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice. Mwaka uliofuata Microsoft nayo ilitoa tafsiri ya Kiswahili ya programu zake. Kazi zote mbili zilihitaji jambo moja: wajuzi wa lugha wa kukaa na kuunda istilahi. Tofauti haiko katika ubora wa istilahi, ambao huweza kujadiliwa kila upande. Iko katika yale yanayofuata. Katika programu ya umiliki, mwenye programu ndiye aamuaye kama tafsiri itaendelea katika toleo lijalo, na neno gani lirekebishwe. Katika programu huria, faili za tafsiri ziko wazi, na mwanafunzi wa shahada ya kwanza aweza kulisahihisha neno alionalo kuwa baya na kulipeleka kwa wenzake. Wengi wa watungaji wa OpenOffice walipojitenga mwaka 2010 na kuanzisha LibreOffice, leseni iliruhusu kazi zilizokwisha kufanywa, tafsiri zikiwemo, kuchukuliwa pamoja.

Lakini uhuru wa kuendeleza si sawa na kuendeleza. Tafsiri ya programu huchakaa kila toleo jipya linapotoka na maneno mapya. Mlango uliofunguliwa usipoingiwa na mtu, tofauti yake na mlango uliofungwa ni ndogo kwa wale waliosimama nje. Lawama hapa haimwendei mwenye kampuni. Yawaendea wale ambao kazi yao ni lugha, na ambao wameiacha kazi ya istilahi mikononi mwa miradi ya miaka michache inayokoma fedha zikikoma.

Hitimisho

Yaliyochunguzwa yanatosha kutoa maamuzi matatu. Kwanza, shirika linalopima njia mbadala lianze na muundo wa faili kabla ya programu, na programu kabla ya mfumo endeshi. Massachusetts ililiona jambo hili, na Gendarmerie ikaonyesha faida ya kwenda kwa hatua. Pili, hoja ya bei ichukuliwe kuwa hoja ya mwisho. Akiba ikipatikana ni heri. Lakini nyumba iliyojengwa juu ya akiba hubomolewa na mhasibu mwingine, na hilo ndilo lililoifika Munich. Tatu, uwazi upimwe kwa msomaji aliye dhaifu kuliko wote: asiyeona, asiye na mashine mpya, na yule ambaye hajazaliwa.

Huyo wa mwisho ndiye anayesahauliwa zaidi. Kamusi, rekodi za fasihi simulizi na tasnifu zinazoandikwa leo katika idara za lugha ni hati za kesho. Waliounakili Utendi wa Tambuka hawakuwajua wasomaji wao wa leo, na bado waliwaachia maandishi ambayo ufunguo wake ni elimu tu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na idara inayotegemea hisani ya mwenye programu ili isome kazi zake yenyewe imekwisha kuuingia umaskini huo, hata kama leseni yake ya mwaka huu imelipwa.